Mwoka Mikate Aliyeuza Lango

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya hisabati, lakini mimi na hisabati hatuelewani, na karatasi nzuri haifai kuozea mkobani. Mvua ilianza jana. Bati letu linapiga kelele hivi kwamba Mama akitaka kuniambia neno kutoka jikoni inabidi aje mpaka mlangoni, na akifika mlangoni ameshalisahau.

Nina miaka kumi na sita na siongei. Si bubu. Nyumbani naongea, na Redio naongea (ni jirani yangu wa dawati, jina alipewa kwa sababu hazimiki). Ila wakikusanyika watu watatu nisiowazoea, maneno yananikwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Kwenye karatasi ndipo ninapokuwa mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba Spika kaleta filamu mpya. Ni mdogo wake Mama, anakaa chumba cha uani, na kila Jumamosi na Jumapili mchana anasimulia filamu kwenye ukumbi wa video nyuma ya fundi viatu. Filamu zinakuja kwa lugha ya kigeni, ileile tunayosomea shuleni, na watazamaji wake ni wapagazi, waashi na watoto wao, watu ambao hawaijui au wamechoka nayo. Mjomba anakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, anashusha sauti ya filamu, anaongea yeye. Anakuwa mfalme, anakuwa mke wa mfalme, akibanwa anakuwa farasi.

Siri ni kwamba lugha yenyewe haijui sana. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayemtafsiria. Natazama kwenye kompyuta yake, nasimamisha, naandika kwenye daftari lingine: dakika kushoto, maneno kulia. Anayejua ni Mama peke yake.

Hii mpya inaitwa Lango la Shaba. Ni vita vya kale, mji wa mlimani umezingirwa, vita vilevile vilivyomo kwenye kitabu chetu cha historia, nusu ukurasa. Askari wa mji wote wako vifua wazi, na vifua vyenyewe vimepakwa mafuta vinang'aa kama sufuria mpya. Nikamuuliza Mjomba, mishale yote hii, hawana hata kipande cha ngozi cha kujikinga?

"Mpwa wangu," akasema, "ukimfunika kifua, nani atajua kwamba ni shujaa?"

Maadui wao wamevaa vinyago vya chuma, hakuna hata mmoja mwenye uso. Wana faru aliyevalishwa kofia ya vita. Kitabu kinasema wengi wao walikuwa wakulima waliotolewa mashambani kwa nguvu.

Jumapili, 9 Machi

Filamu ina saa mbili, na nimepima: dakika thelathini na nane hakuna anayesema kitu. Panga linanyanyuliwa, linakaa hewani, tone la damu linaruka polepole mpaka unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukalikuta bado halijatua. Mjomba anaziita sehemu za kobe.

"Za kobe hizi zitaniua," akasema. "Mtu amekaa kwenye benchi lisilo na mgongo, halafu nimwache asikilize mvua? Niandikie maneno."

"Maneno gani, Mjomba? Hawasemi kitu."

"Si ndiyo maana nakwambia uandike? Wangekuwa wanasema, ningekuwa na shida gani?"

Basi nikaandika. Dakika ya themanini na moja kuna mtu anaonekana kwa mgongo, ameshika kikapu kilichofunikwa kitambaa, anatembea kuelekea langoni, lango linafunguka. Sekunde kumi na mbili. Ni nani, kwa nini, filamu haisemi. Nikatazama mara tatu. Kwa ule mwendo wa kobe nikaona kama mguu wake wa kushoto unachelewa kutua. Wakati huohuo kengele ya baiskeli ikalia nje, Mzee wa Mikate wa mtaani kwetu anapita akichechemea.

Sina cha kujitetea. Kikapu, mguu, kengele. Nikaandika:

"Huyu ni mwoka mikate wa mfalme. Mguu wake mmoja ni mfupi tangu kuzaliwa. Kila alipowaona askari wakikimbia, moyo wake uliwaka wivu kuliko tanuri lake. Leo analiuza lango. Wahenga wa mji ule walisema: mguu mfupi, mkono mrefu."

Mjomba alicheka mpaka akashika meza. "Hii umeitoa wapi?"

Nikainua mabega. Nilikuwa nimefurahi sana.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi umejaa. Mvua hii hakuna anayejenga, hakuna anayebeba, wote wamekuja kukaa pakavu. Ilipofika dakika ya themanini na moja, Mjomba akashusha sauti yake chini kabisa, kama mtu anayesengenya. Aliposema "leo analiuza lango", mpagazi mmoja alisimama akarusha kofia yake kwenye skrini. Aliposema methali, ukumbi mzima ukairudia.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikasikia watu sitini wakisema maneno yangu kwa pamoja. Sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo. Naliandika hili kwa sababu nisipoliandika, baadaye nitajidanganya kwamba niliona aibu tangu mwanzo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Viatu havijakauka tangu Jumapili.

Jumapili, 23 Machi

Watu wamedai filamu ileile tena. Redio naye kaja, ingawa shule imetukataza kwenda kwenye kumbi za video na adhabu yake ni kumwita mzazi.

"Jamani yule mwoka mikate!" akaniambia tulipotoka. "Mimi ningemtia kwenye tanuri lake mwenyewe. Hivi ni kweli?"

"Sijui."

"Lazima iwe kweli. Ina methali yake kabisa!"

Alhamisi, 27 Machi

Mzee wa Mikate anaokea nyumba ya mwisho, kule barabara inapogeuka tope. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Fundi viatu humwongezea soli. Hawezi kupanda baiskeli, kwa hiyo huisukuma, na sanduku la mikate nyuma. Akinikuta mlangoni hanilazimishi kuongea. Ananipa mkate, anasema "haya, binti", anaondoka. Ni watu wachache sana wanaojua kuniacha hivyo.

Leo mtoto wa fundi viatu na wenzake wawili walikuwa wanamfuata nyuma wakichechemea.

"Mguu mfupi!" akaita mmoja.

"Mkono mrefu!" wakamalizia.

Mzee alicheka. "Huo mkono mrefu nimeupata wapi? Ningekuwa nabadilisha taa bila ngazi!"

Alionekana kudhani ni mchezo wa watoto tu. Nikarudi ndani mikono mitupu. Mama akauliza mkate uko wapi. Nikasema umeisha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia Mjomba amtoe yule mwoka mikate.

"Nimtoe? Huyo ndiye filamu! Wengine wote ni vifua tu."

"Wanamcheka Mzee wa Mikate."

"Watoto watacheka mpaka kiama. Mimi walinicheka pua. Nimekua, pua iko palepale."

"Lakini ni uongo, Mjomba."

Akaacha kukunja nyaya zake. "Mpwa, kwenye filamu hiyo kweli iko wapi? Faru amevaa kofia. Mfalme wao ana urefu wa nguzo ya umeme. Mbona hukuja kunililia faru? Watu wanajua ni filamu. Hakuna mtu mzima anayetoka ukumbini kwangu akaenda kumtafuta faru mwenye kofia."

Jibu limenijia sasa hivi, saa tatu baadaye, wakati yeye ameshakwenda kusimulia: mtaani kwetu hakuna faru.

Jumanne, 1 Aprili

Wameandika kwa mkaa kwenye sanduku lake: LANGO. Alikuwa anapita nalo hivyohivyo. Sijui kama hakuliona au hakutaka tuone kwamba ameliona.

Alhamisi, 3 Aprili

Mtihani wa historia. Swali la nne: "Eleza sababu za kuanguka kwa mji." Nikasikia Redio anavuta pumzi ya furaha pembeni yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Wiki ya nne Lango la Shaba. Sikwenda. Nikasema nina homa. Mama akanigusa paji la uso, akaniangalia, akaniacha.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwalimu wa historia si mtu wa kupiga kelele. Anaongea taratibu, na jinsi anavyozidi kupunguza kasi ndivyo darasa linavyozidi kukaa sawa. Leo aliingia na karatasi zetu, akaziweka mezani, akazipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Darasa hili lina wanafunzi arobaini na wanne," akasema. "Ishirini na tisa wameniambia kwamba mji ule uliangushwa na mwoka mikate."

Akaanza kusoma. Alisoma kwa lugha ya shule, ndivyo walivyoandika, na katika lugha ile maneno yangu yalisikika kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Wivu kuliko tanuri. Alivyowaona askari wakikimbia. Karatasi baada ya karatasi, ileile.

"Kumi na wanane wameninukulia methali ya kale. Mmoja ameieleza kwa kirefu. Anasema watu wa zamani walikuwa na hekima, walijua kwamba mwenye kasoro mwilini ana kasoro moyoni." Akaiweka chini karatasi hiyo, akainyoosha kwa kiganja. "Miaka kumi na tisa ninafundisha historia. Nataka kujua nilikuwa wapi alipozaliwa mtu huyu."

Kumtaja Mjomba ni kujitaja wote. Redio alikuwa anaangalia dari kama aliyepoteza kitu huko.

"Wamefanana mno, hawa hawakunakiliana," Mwalimu akasema. "Hata wavivu wangebadilisha neno moja." Kisha akachukua karatasi moja, akaja nayo mpaka dawatini kwangu. "Angalau kuna mmoja anayesoma kitabu."

Ndiyo. Mimi niliandika njaa. Nilijua jibu la kitabu, nikaliandika, nikapewa alama zote tano. Nimewaongopea watu sitini kila wiki, halafu kweli nikaiweka kwa ajili ya alama zangu.

Redio alinikanyaga mguu chini ya dawati. "Mbona hukuniambia?" akanong'ona. "Ulikuwa unajua, mbona hukuniambia?"

Alhamisi, 10 Aprili

Nilidhani ni watoto tu. Leo nimekwenda kwa dobi anapofanya kazi Mama, nikamkuta akipiga pasi na wenzake wawili. Mmoja alikuwa anasema siku hizi anachukua mkate dukani.

"Kwani wa Mzee una nini?" Mama akamuuliza.

"Hauna kitu. Ila, unajua tena..." akacheka. "Mguu mfupi."

Yule mwingine naye akacheka. Mama hakucheka, lakini naye alikuwa hajui kicheko kile kimetoka kwenye meza yake ya kulia chakula. Niliondoka nimesahau nilichotumwa. Wanacheka wakisema, wanajua ni mzaha, na mkate hawanunui.

Jumanne, 15 Aprili

Nilimsubiri Mwalimu mpaka wenzangu walipotoka. Nikamuuliza kama ni njaa kweli. Njaa tu.

Akafunga mkoba wake, akaketi tena. "Tunachokijua ni mistari mitatu. Kwamba mwezi wa nane wa kuzingirwa wenyeji walifungua lango wenyewe, kwamba walikuwa hawana chakula, na kwamba siku hiyo hakuuawa mtu. Na aliyeiandika ni karani wa upande ulioshinda, miaka mingi baadaye. Labda ni kweli. Labda bwana wake alipenda isikike hivyo."

"Sasa ana tofauti gani na..." Sauti ikafifia. "Na wanaotunga?"

"Mimi naweza kukuonyesha nani kasema, na nikakwambia kwa nini nisimwamini sana. Ndiyo tofauti yote niliyo nayo." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe unaweza kunionyesha nani kasema habari za mwoka mikate?"

Alisubiri. Ukutani saa ilikuwa inatembea. Nikamwambia Mama ananingoja.

Alhamisi, 17 Aprili

Nataka kuandika nilivyoona, kwa mpangilio, bila kupamba.

Saa kumi alasiri mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa dirishani, nashona kifungo cha sare. Mzee wa Mikate alikuja kutoka juu, anasukuma baiskeli pembezoni mwa mtaro kwa sababu katikati kulikuwa na dimbwi. Watoto walikuwa kama kumi sasa. Hawakuwa wanachechemea tena, hilo walishalichoka. Walijipanga barabarani, wakashikana mikono.

"Lango limefungwa!" wakaimba. "Lango limefungwa!"

Mzee akasimama. Akasema kitu, sikukisikia. Akajaribu kuzunguka. Mmoja akashika usukani, labda alitaka kuuzuia tu, sijui, na soli ile nene ikateleza kwenye tope. Baiskeli ikaenda mtaroni na sanduku likafunguka. Mikate ikatoka mmojammoja ikaelea kwenye yale maji ya kahawia. Ikawa kama zile sehemu za kobe. Niliona kila mkate ulivyozama upande mmoja kwanza.

Watoto wakakimbia. Wapagazi wawili waliokuwa wamekaa ng'ambo walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka mwenzake akiteleza. Mmoja wao akasema, "Leo lango limemuuza yeye." Kisha wakaja wakamsaidia kuitoa baiskeli. Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa dakika moja.

Mzee alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Alivua kiatu chenye soli nene, akamwaga maji yaliyokuwamo, akakivaa tena, akafunga kamba polepole. Hakutazama nyumba ya mtu yeyote.

Na mimi nilikuwa dirishani na sindano mkononi. Ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Sikutoka.

Ijumaa, 18 Aprili

Kengele haikupita asubuhi. Nilipotoka shule nikaenda mpaka nyumba ya mwisho. Nilibeba lile daftari la tafsiri, kwa sababu nilijua mdomo utanisaliti.

Tanuri lilikuwa limezimwa. Alikuwa amekaa kwenye gunia la unga, anapaka gundi kwenye sanduku lililopasuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hakuna mkate leo, binti."

"Sikuja kwa mkate." Nikafungua daftari dakika ya themanini na moja, nikamkabidhi.

Akasoma akifuata mistari kwa kidole chenye unga. Alisoma mara mbili.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Spika alikutuma?"

"Alisema nijaze maneno. Mguu niliuleta mimi."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Nilikwenda kuiona, unajua. Wiki ya pili. Nikasema ngoja nikamwone mwenzangu. Nikakaa nyuma karibu na mlango." Akaweka brashi ya gundi chini. "Mbona yule mtu anatembea vizuri?"

"Mguu wake unachelewa..."

"Kila kitu mle kinachelewa! Mimi najua mtu anavyochechemea, nimeifanya miaka hamsini. Bega hushuka kwanza. Lile bega halikushuka hata mara moja."

Nikamwambia nisamehe, Mzee. Nililitoa lote, halikukwama.

"Na nikikusamehe," akasema, "kesho nitapita barabarani?"

Nikanyoosha mkono nichukue daftari.

"Mimi sina ugomvi na mtoto aliyeandika upuuzi kwenye daftari. Lakini watu hawakuusikia kwenye daftari. Wameusikia kwenye spika." Akanirudishia, ukurasa una alama ya kidole chake. "Haya, binti."

Nimerudi nyumbani nikaifungua kompyuta. Kuna kitufe cha kuharakisha, sikuwahi kukigusa. Nimeirudisha dakika ile kwa kasi mara mbili. Anatembea kama mtu yeyote anayewahi mahali.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi nilimweleza Mjomba yote. Alikuwa ameinama anavaa viatu.

"Walimwaga mikate?" akauliza. "Mtaroni? Yote?"

Hakuwa anajua. Siku za kazi yuko mbali, na Jumamosi anajua ukumbi tu. Alikaa na kiatu kimoja mkononi. Nikasubiri aseme mambo ya pua. Hakusema.

"Dakika ya themanini na moja nitanyamaza," akasema mwishowe. "Sitakusaidia. Nikikusaidia wataniamini mimi. Ukishindwa kuongea, itasikika mvua."

Sikula mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko siku zote, na wengi hata hawakuwa wanatazama, walikuwa wanangoja sehemu yao. Mtoto wa fundi viatu alikaa mbele kabisa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika karatasi yenye mistari mitatu ya Mwalimu. Yule mtu akatokea kwa mgongo. Kikapu. Mjomba akanipa kipaza sauti na kugeuza uso.

Mvua ilisikika sana.

Nikasema neno la kwanza, halikutoka. "Sogeza mdomo!" Mjomba akanong'ona. Nikasogeza. Nikasoma, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa nyembamba, ya mtoto, sikuijua: "Wenyeji walifungua lango wenyewe, mwezi wa nane. Walikuwa hawana chakula. Siku hiyo hakuuawa mtu. Hivyo ndivyo alivyoandika karani wa walioshinda."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu ukumbi ukalipuka.

"Nani huyo?"

"Spika yuko wapi? Rudisha msaliti!"

"Njaa?" mpagazi mmoja akapiga kelele. "Nimekaa hapa saa nzima kwa ajili ya njaa? Njaa ninayo nyumbani!"

Kicheko. Ganda la karanga likanipiga shavuni. Karatasi yangu ilikuwa imekwisha na kwenye skrini lango lilikuwa bado linafunguka, polepole, bado linafunguka. Nikaona watu wanageukia kando kuambiana vichekesho, na nikajua nimesoma kitabu tu, sijasema chochote.

Nikatoka nyuma ya pazia.

"Mwoka mikate hayumo," nikasema. "Hayumo kwenye kitabu na hayumo kwenye filamu. Nimemtunga mimi. Methali pia ni yangu, hakuna mhenga aliyeisema. Yule mtu mnayemwona hachechemei, ni filamu inakwenda polepole. Nilikuwa mezani, nikamsikia Mzee wa Mikate anapita, nikachukua mguu wake. Hajafanya kitu. Alikuwa anapita."

Sikumbuki kama nilisema kwa mpangilio huo. Nakumbuka kwamba kwa sekunde chache hakuna aliyetupa ganda. Yule mpagazi aliyecheka juzi pale mtaroni alikuwa anakuna shingo.

Kisha mtoto wa fundi viatu akasimama juu ya benchi, amefurahi kama aliyeokota kitu.

"Kumbe msaliti ni wewe!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mjomba akapandisha sauti ya mapanga.

Jumapili, 20 Aprili

Mjomba amebandua tangazo la Lango la Shaba wiki haijaisha. Mama ameshasikia. Hakunigombeza. Alisema, "Na kwa Mwalimu je?" akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwonyesha Mwalimu nani kasema. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi yangu ya mtihani, akaacha zile alama tano kama zilivyo. "Jibu lilikuwa sahihi," akasema. "Mama yako aje Ijumaa." Redio haongei nami. Dawati limekuwa kubwa sana.

Alhamisi, 24 Aprili

Manyunyu tu leo. Kengele imepita asubuhi, mara ya kwanza wiki hii. Nilitoka. Mzee wa Mikate alinipa mkate, akapokea hela, hakusema "haya, binti". Sanduku lilikuwa limepakwa rangi upya, ya kijani, na mtu asiyejua asingeona mahali lilipopasuka. Nimeona amepita nyumba tatu na mbili zimenunua.

Watoto walikuwa wamejipanga ng'ambo ya mtaro. Nikaona mtoto wa fundi viatu anajaza pumzi kifuani. Mzee naye aliona. Mabega yake yalikaza, lakini hakupunguza mwendo.

"Msaliti!"

Mzee aliendelea kusukuma. Hatua moja, ya pili, halafu mabega yakalegea, kwa sababu watoto wote walikuwa wameelekeza nyuso mlangoni kwetu.

"We msaliti! Lango uliliuza kwa bei gani?"

"Bure," nikamjibu.